Nipe Ile Taa Mbaya

Sirius haijawahi kunisumbua. Mawingu yakiipa nafasi, hupita juu ya mtaa wetu wa Makiso, Kisangani, nyeupe pee, na katika mwanga wake mistari minene ya hidrojeni imekaa pale pale siku zote: mwekundu kwenye nanomita 656.3, wa samawati 486.1. Wasumbufu wako huku chini. Kisanduku changu cha kupasulia mwanga nimekiunda kwa nyembe mbili na kipande cha DVD, lakini kisanduku hakijui namba. Lazima kwanza kioneshwe mwanga ambao mistari yake inajulikana, ndipo kipewe nyota.

Mwanga huo umo kwenye taa za zamani za mrija, zenye mvuke wa zebaki: kijani 546.1, buluu 435.8. Nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi sokoni.

“Papa, ile inakulaka umeme bure,” muuzaji akasema, akinisukumia LED. Nikamweleza kwamba LED rangi zake zimeshikana, hazina mistari. Nataka ile kuukuu. Akanitazama kama daktari aliyeombwa malaria. Kisha akaita wenzake waje kunishuhudia. Taa ilipatikana chini ya meza na, kwa kuwa niliitaka mno, bei yake ikapita ya mpya.

Usiku mbingu ikawa wazi, jambo adimu kwetu. Mstari wa kijani ukatokea, nikainua simu nipige picha, umeme ukakatika mtaa mzima.

Basi chumvi. Sodiamu yake motoni hutoa mstari wa njano, uleule alioukuta Fraunhofer wa Ujerumani kwenye mwali wa taa mnamo 1814, naye hakungoja umeme urudi. Spiriti sikuwa nayo, nikamtuma shemeji alete lotoko, ile pombe kali ya kienyeji. Chupa ilirudi nusu.

“Shemeki, nilijaribu kwanza kama inawaka.”

Iliwaka kweli. Tukanyunyiza chumvi, njano ikajaa, nikampisha achungulie.

“Naona miwili.”

Nilitaka kumkumbatia. Mstari huo kweli ni miwili, 589.0 na 589.6, ila kisanduku changu hakina uwezo wa kuitenganisha. Nikamwonesha Sirius kwa kidole: na ile je?

“Nayo mbili.”

Kweli tupu. Sirius ina mwenzake hafifu, aliyeonekana mara ya kwanza 1862 na Alvan Graham Clark wa Marekani. Clark alihitaji lenzi ya inchi 18 na nusu. Shemeji alihitaji nusu chupa.