Mwongozo wa Kuipa Pumzi Kompyuta ya Kijani ya Kagugu

Ukitaka kumpima mtu subira, mkabidhi XO, ile kompyuta ndogo ya watoto wa shule, yenye programu nne zilizo wazi, kisha umwombe afungue ya tano. Kagugu, katika sekta ya Kinyinya wilayani Gasabo, watoto wa shule ya msingi wameufanya mtihani huo tangu wakiwa wadogo. Shule yao ilikuwa miongoni mwa za mwanzo nchini Rwanda kupokea kompyuta hizo za kijani na nyeupe, kabla ya mwaka 2010. Subira wanayo tele. Lakini kipindi cha darasani ni dakika 40, na kila dakika inayopita huku alama ya programu ikipepesa katikati ya kioo ni dakika aliyodhulumiwa mtoto. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi au kijana fundi anayetaka kumrudishia mtoto dakika zake kwa kadi ndogo kuliko kucha mbili.

Anza kwa kuiheshimu mashine. Nicholas Negroponte, mwanzilishi wa mradi ulioizaa, alipoionyesha Tunis mwezi Novemba 2005, akiwa na Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, ahadi ilikuwa kompyuta ya dola 100. Bei hiyo haikufikiwa, ila juhudi za kuifikia ziliondoa kila kitu kizito. Hakuna diski inayozunguka, hakuna feni. XO ya kwanza ina prosesa ya megahezi 433, kumbukumbu ya megabaiti 256 na chipu ya hifadhi ya gigabaiti 1 iliyochomelewa kwenye bodi. Juu ya hayo inakaa Linux ya ukoo wa Fedora na mandhari ya Sugar, iliyobuniwa kwa ajili ya watoto. Kwa hiyo jirani akikushauri uitie SSD kama ile ya laptopu ya ofisini, mshukuru kwa moyo wake mwema na uendelee na safari yako, maana hakuna pa kuiweka. Milango ni miwili tu: matundu ya USB yaliyofichwa chini ya yale masikio mawili ya antena, na tundu la kadi ya SD kwenye ukingo wa chini wa kioo, upande wa kulia.

Kabla ya kutoa hata faranga moja, iulize kompyuta inaumwa nini. Fungua terminali, andika df -h, kisha free -m. Amri ya kwanza inakueleza hifadhi imejaa kiasi gani. Ikiwa gigabaiti ile moja imefurika picha za mbuzi, picha za dari na video za kidole cha mpigaji, dawa ni kukaa na mtoto mkapunguza vilivyomo kwenye Jarida, sehemu ambako Sugar huweka kila kitu alichokifanya. Mwachie yeye achague kinachobaki, kwa sababu kazi ni yake. Na usichelewe: XO ambayo chipu yake imejaa kabisa inaweza kugoma hata kuwaka.

Amri ya pili ndiyo yenye habari kubwa. Kwenye mstari wa swapu utaona sifuri. Swapu ni sehemu ya hifadhi ambayo Linux huitumia kuweka kando vitu visivyohitajika kwa sasa pale kumbukumbu inapobanwa. Waliounda XO hawakuiweka kwenye chipu ya ndani, na walifanya la busara. Chipu za aina hiyo huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, na hii haichomoki. Kadi ikifa unanunua nyingine, lakini chipu ya bodini ikifa, mtoto amebaki na sahani ya plastiki. Bila swapu, megabaiti 256 zikijaa mashine inaganda, kisha programu moja inafungwa ghafla, pengine ile yenye insha ambayo haijahifadhiwa. Hapo ndipo kadi yako inapohitajika.

Flashi ya USB au kadi ya SD? Chukua SD, wala usibembelezwe. Flashi inatokeza nje kama ulimi, na ikiwa imechomekwa sikio la upande huo haliwezi kulala, hivyo kompyuta haifungiki vizuri. Mpe mtoto wa darasa la tatu kitu kinachotokeza, naye ana goti, ana begi, ana mdogo wake mgongoni. Flashi hiyo itavunjika na pengine itaondoka na tundu lake. Kadi ya SD inazama yote ndani na haionekani. Flashi ibaki kwa kazi yake ya kubeba mafaili.

Sasa uchaguzi wenyewe, na hapa ndipo wengi wanapotoa hela bila kupata kasi. Namba iliyozungushiwa duara kwenye kadi, 4, 6 au 10, ni kiwango cha chini cha megabaiti kwa sekunde inapoandika faili moja refu mfululizo. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya kamera za video. Swapu haiandiki hivyo. Huandika na kusoma vipande vya kilobaiti 4, huku na huku. Lori la Mombasa linaleta tani nyingi kwa safari moja, lakini ukilituma lisambaze barua mia, nyumba kwa nyumba kwenye vichochoro vya Kagugu, moto, yaani pikipiki ya abiria, italiacha mbali. Unayoitaka ni moto. Tafuta alama A1, iliyotangazwa mwaka 2016: inaahidi walau usomaji 1,500 na uandishi 500 wa vipande hivyo vidogo kila sekunde. Nyingi zenye alama hiyo ni microSD, basi ivalishe adapta yake na uiingize. Usilipie alama za U3 au V90, kwa kuwa tundu la XO ni la zama za kabla ya alama hizo na halitaweza kuikimbiza kadi hiyo. Usilipie pia ukubwa. Gigabaiti 8 zinatosha, na 32 ndio mwisho, maana zaidi ya hapo unaingia kwenye SDXC, aina iliyokuja baada ya mashine hii.

Na ukikutana na kadi ya gigabaiti 512 kwa bei ya chupa mbili za Fanta, iache hapohapo mezani. Kadi bandia hutengenezwa kwa kuidanganya chipu ndogo ijitangaze kuwa kubwa. Mafaili huingia vizuri, na yakivuka ukubwa wa kweli huyaoni tena. Kadi yoyote uliyonunua, hata ya dukani penye kiyoyozi, ipitishe kwanza kwenye programu ya f3 katika kompyuta nyingine ya Linux. f3write huijaza yote, f3read huisoma na kukwambia kilichorudi salama. Ikiwa imepungua, irudishe siku hiyohiyo ukiwa na risiti.

Kadi ikifaulu, igawe sehemu mbili: kubwa ya mafaili ya mtoto, na megabaiti 512 za swapu, yaani mara mbili ya kumbukumbu ya mashine. Sehemu ya swapu itayarishe kwa mkswap, iwashe kwa swapon, kisha rudia free -m uone kama sifuri imeondoka. Mweleze mtoto waziwazi kwamba kadi hii haichomolewi kompyuta ikiwa imewaka, kwa sababu sehemu ya kazi yake iko humo ndani. Ukimweleza sababu atashika kuliko ukimkataza tu.

Usimwahidi miujiza. Prosesa ni ileile ya megahezi 433 na video nzito zitaendelea kukwamakwama. Kitakachobadilika ni kwamba anaweza kuacha mchoro wake wazi, akaenda kwenye hesabu, akarudi akaukuta. Kwa mtoto anayejifunza kwa kujaribu, hilo ni kubwa mno.

Andika namba ya kompyuta kwenye kadi kwa kalamu isiyofutika, nunua mbili za akiba kwa kila darasa, kisha uchukue XO inayofuata.