Birika Lisilo na Kitako

Alhamisi moja ya Kwaresima nilipigwa kichwani na birika. Hakunirushia mtu. Nilifungua kabati kutafuta soksi, mlango ukakwama, nikauvuta kwa hasira, na birika lililokuwa juu, kati ya redio isiyosema na taa ya chemli isiyo na kioo, likaona zamu yake imefika. Nilipoliokota na kuchungulia ndani, niliona vidole vyangu vya mguu. Halikuwa na kitako.

Mama, aliyekuwa uani akichambua maharage, alisikia kishindo.

“Birika limepona?” akauliza.

Hapo ndipo nilipoapa kwamba nyumba hii itapunguzwa vitu.

Nyumba yenyewe ipo Musienene, kusini mwa Butembo, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara ya taifa namba 2 iendayo Lubero. Ina vyumba vinne. Viwili tunalala watu, na viwili vinalala vitu. Mimi ni mwalimu, mke wangu anauza viazi, na mama, tangu baba afariki, ndiye mlinzi wa mali. Wahenga walisema akiba haiozi. Ni wazi hawakuwahi kuinama chini ya kitanda cha mama.

Chini ya kitanda hicho kuna sanduku la bati, na ndani yake baba alituachia nusu bilioni. Sitanii. Ni noti 100 za zaire milioni tano kila moja, zimefungwa kwa mpira uliokauka, na kila noti ina sura ya Rais Mobutu. Baba aliuza kahawa mwanzoni mwa 1993 akalipwa hizo. Étienne Tshisekedi, waziri mkuu wa wakati huo, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba noti za milioni tano si fedha halali. Huko Kinshasa askari waliolipwa nazo walikataliwa madukani, wakaamua kujihudumia wenyewe bila kulipa. Oktoba ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga, moja kwa zaire mpya 100,000. Siku moja nilikaa na kalamu nikafanya hesabu mpaka mwisho: urithi wetu sasa ni kama sehemu ya sita ya senti moja ya faranga. Na faranga zenyewe, kununua dola moja unahitaji zaidi ya 2,000.

Nilimwonyesha mama karatasi ya hesabu. Akaisoma, akaikunja vizuri, akaitia sandukuni pamoja na noti.

“Serikali ndiyo ilizifuta,” akasema. “Serikali inaweza kuzifufua.”

Siwezi kumlaumu sana. Mtu aliyeona fedha ikifa mkononi mwake ataliamini birika. Birika halijawahi kutangazwa redioni kuwa si halali.

Juu ya sanduku hilo limelazwa abacost la baba, ile suti ya zama za Mobutu isiyovaliwa na tai, rangi ya kijivu, kola imesimama kama siku ilipotoka kwa fundi. Vijana wa leo hawajui kwamba kuna miaka ambapo tai shingoni ilikuwa kosa, mpaka Mobutu mwenyewe alipolegeza mambo Aprili 1990. Baba hakulegeza. Alizikwa na suti ya kuazima kwa sababu mama alisema abacost ni zuri mno kuoza. Kila kiangazi hulitoa, hulitundika kwenye kamba uani, kisha huketi kwenye kiti kando yake, mikono magotini, kama mtu anayemsindikiza mgeni asijisikie peke yake. Hulipangusa mabega. Jua likizama, wanaingia ndani wote wawili. Hilo sijawahi kuligusa, na sidhani nitaligusa.

Ila ndoo! Tuna ndoo tatu zenye bomba, za kunawia mikono. Zilitufikia wakati wa Ebola, ule mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umetunyang'anya watu 2,287. Miezi ile hukuvuka mlango wa mtu bila kunawa kwa maji ya klorini, na salamu tulipeana kwa viwiko. Ulipokwisha, nikasema ndoo moja inatosha, hizi mbili tuzitoe. Mama akasema ngoja. Nikangoja. Februari 2021 Ebola ikarudi Butembo. Mama hakusema neno. Alitoa ndoo ya kwanza, akaifuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake, akaiweka mlangoni, akatoa ya pili, akaiweka jikoni, halafu akanitazama kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

Tangu siku hiyo kila hoja yangu hujibiwa kwa neno moja tu: “Ndoo.”

Juni 2024 akapata hoja ya pili. Vita vilipoufikia mji wa Kanyabayonga, barabara yetu ilijaa watu waliobeba magodoro kichwani, na sisi tukapokea familia ya watu saba. Usiku huo mama aliingia chini ya kitanda kama mvuvi anayepiga mbizi. Vikatoka vikombe visivyo na mikono, sufuria zilizobonyea, mablanketi matatu ambayo mimi ningeapa yalikwisha kuliwa na panya. Kila kikombe kilipata mdomo wake. Mimi nilisimama pale na tochi nikimulika, maana sikuwa na kazi nyingine wala la kusema. Walikaa miezi minne. Walipoondoka, walichukua sufuria mbili, wakatuachia mlango na gurudumu la chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Ndiyo, mlango, na kitasa chake. Yule bwana aliung'oa kwake akaubeba asiwaachie waliokuja. Upo nyuma ya kabati mpaka leo. Ni amana. Cha mtu hakitupwi, na hakitumiwi, kwa hiyo tuna mlango usiofunguka popote.

Shemeji yangu aliyeko Brussels aliposikia shida yangu, alinitumia video za yule mama wa Kijapani, Marie Kondo, anayefundisha dunia kupanga nyumba. Unashika kitu mkononi, unajiuliza kama kinakupa furaha. Kama hakikupi, unakishukuru na kukiaga. Nilimletea mama kasuku, yaani kopo la plastiki, lililopasuka, nikamuuliza kama linampa furaha.

“Furaha itakuja siku litakapohitajika,” akajibu, akaninyang'anya.

Kuna jambo shemeji hakunitumia, nikaja kulisoma mwenyewe: mwaka 2023 huyo mama Kondo alikiri kwamba tangu apate mtoto wa tatu, amelegeza mambo ya kupanga nyumba. Nilifurahi siku nzima. Sisi tuna watano.

Sasa, baada ya birika, mke wangu nami tulikula njama. Jumamosi mama alikuwa anakwenda kwenye kilio upande wa Butembo, angelala huko. Alipotokomea tu tukatoa magunia mawili. Likaingia birika, ikaingia redio, taa ya chemli, viatu vya upande mmoja, makasuku yasiyo na mifuniko na mifuniko isiyo na makasuku. Mke wangu alifunga gunia la pili mwenyewe, haraka haraka, nami nikashukuru moyoni kwamba nimeoa mwanamke wa vitendo. Nikamwita kijana wa chukudu. Mpango ulikuwa kushusha mzigo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Butembo na kurudi kimya kimya.

Kijana akayatazama magunia, akanitazama mimi.

“Mwalimu, munahama?”

Hakulisema kwa sauti kubwa. Lakini huku kwetu neno hilo halihitaji sauti. Jirani wa kushoto akatokeza kichwa. “Mwalimu, mumesikia nini?” Nikamwambia sijasikia kitu. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa kwamba habari yenyewe ni nzito kiasi cha kutotajwa, akaingia ndani. Dakika tano baadaye godoro lake lilikuwa nje na mkewe analifunga kamba. Wa kulia akaanza kukamata kuku. Mtoto wa shule, mwanafunzi wangu kabisa, akapita mbio akiwaambia watu kwamba mwalimu anakimbia, na mwalimu husikiliza redio za nje.

Nikasimama barabarani na mikono juu. “Jamani, hakuna vita! Ninapunguza vitu nyumbani!”

Kimya.

“Unapunguza?” akauliza mzee mmoja. “Vimekukosea nini?”

Ningeweza kuanza na Wajapani. Niliona nyuso zao, niliona kuku wa jirani akining'inia kichwa chini, nikachagua uongo ulio karibu zaidi. “Ni matoleo,” nikasema. “Ninapeleka kanisani.”

Hapo wote wakapumua. Godoro likarudi ndani. Mzee akanibariki. Na kijana wa chukudu, ambaye uso wake ulikuwa umeelekezwa Butembo, akageuza usukani kuelekea kanisani, akisindikizwa na watu wanaonisifu. Ningefanya nini? Nilimfuata.

Asiyejua desturi yetu aelewe: mtu asiye na fedha hutoa alicho nacho, kuku, mkungu wa ndizi, kapu la viazi, na baada ya misa vitu hivyo hupigwa mnada palepale nje. Kwa hiyo Jumapili mama, aliyerudi alfajiri kwa pikipiki asikose misa, aliketi upande wa wanawake akiwa amevaa kitenge chake kizuri, na mimi upande wa wanaume nikiwa natoka jasho katika baridi ya Musienene.

Mkatekista alianza na kuku. Kisha viazi. Kisha akatia mkono katika gunia la pili, lile alilofunga mke wangu, akainua katoni ambayo naijua kama ninavyoijua sahihi yangu. Katoni ya chaja zangu. Chaja za miaka kumi na tano, nyaya za kila aina, betri za simu, spika moja, rimoti ya televisheni ambayo hatukuwahi kuwa nayo. Vitu vya maana! Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa amefumba ya kwake, anasali.

“Elfu moja mia tano!” akaita kijana fundi wa simu. Hakuna aliyeongeza. Mimi ningeongeza vipi, mbele ya wote walionisifu jana? Katoni ikaenda.

Halafu likatoka birika. Mkatekista ni mtu mwerevu: alilishika kwa mkono, mdomo wake ukielekea watu, kitako kikielekea tumbo lake. “Birika la zamani! Chuma cha kweli, si hiki cha siku hizi!” Alipoligeuza kidogo, jua likapita ndani yake likamchoma jicho, akalirudisha upesi tumboni.

Kwenye benchi la wanawake nikaona mgongo mmoja umenyooka.

“Elfu moja,” akasema mama.

Mzee wa jana, aliyenibariki, akasema elfu mbili. Mama elfu tatu. Nilipata picha kichwani ya birika likirudi juu ya kabati, juu ya soksi zangu, na kabla akili haijafika, mdomo ulikwisha kusema: “Elfu nne!” Nilitaka tu lisirudi nyumbani. Mama akageuka, akaniona, akatabasamu, akasema elfu tano. Watu wakaanza kucheka. Sita. Saba. Mzee akajitoa, akaketi afaidi vizuri. Tulikwenda hivyo, mzazi na mwanawe, mpaka elfu kumi na mbili, bei ambayo ingenipa birika jipya lenye kitako, na hapo mama akanyamaza, akaniachia. Makofi yakapigwa. Mkatekista akanikabidhi kwa mikono miwili. Ni wakati huo tu, nikiwa nimelipata, ndipo nilipoelewa kwamba anayelinunua ndiye anayelipeleka nyumbani.

Mama akatembea kando yangu njia nzima, akisalimia watu.

“Aksanti, papa,” akaniambia tulipokaribia mlango. “Wezi waliotuingilia Jumamosi ni wezi wa ajabu. Wanaiba, wanapeleka kanisani.”

Jumatatu, saa ya mapumziko, nilijikuta mbele ya meza ya yule fundi wa simu. Nikamweleza kwamba katika ile katoni kulikuwa na chaja moja ya pini nyembamba, waya wake umefungwa bendeji karibu na kichwa. Hakutafuta. Akanyoosha mkono kwenye msumari, akaitoa.

“Elfu tatu, mwalimu.”

“Katoni nzima ulinunua elfu moja mia tano!”

“Ndiyo, mwalimu. Lakini sasa zimepangwa.”

Nikatazama: kweli, alikuwa amezitundika kwa ukubwa, kila pini na msumari wake. Akauliza simu iko wapi, aijaribishe kwanza, asije akaniuzia mbovu.

“Iko nyumbani,” nikamwambia. “Ilikufa 2014.”

Akanitazama, akaitazama chaja, akashusha bei mpaka elfu mbili na mia tano.