Mwanafamilia Anayekaanga Bisi

Jamani, kuna mtu amewahi kuwa mwanafamilia akachoka kama mimi? Naishi Hampstead, London. Usishtuke, sijaukata. Nyumba ni ya bosi. Ina ghorofa nne, mimi niko chini kabisa, chumba kimepakana na boila, usiku kucha linakohoa kama mzee wa kiko. Napika, nafua, napeleka watoto shule, namtoa mbwa haja. Lakini ole wako uniite hausiboi mbele ya mama mwenye nyumba. Atafura! "Huyu ni wa familia," anasema, huku ananirushia koti la mgeni nikalitundike.

Mama huyu hataki umadamu. Anataka nimwite jina lake, kavukavu. Mimi mtoto wa Tanga, mtu kanizidi umri, nimwite jina? Mdomo unagoma. Basi siku zote namwita Samahani. Samahani, chakula tayari. Samahani, mbwa katapika.

Krismasi wakaniita kwenye picha ya familia. Nikavaa shati jeupe, nikajipaka mafuta mpaka shingo inang'aa, nikasimama pembeni ya mti, tabasamu nimeshaliandaa. Baba mwenye nyumba akanikabidhi simu. Niwapige. Picha imetoka safi, iko sebuleni kwenye fremu, na vumbi lake nafuta mimi.

Jumapili jioni kuna filamu. Lazima nikae nao, ndiyo mapenzi hayo. Nakaanga bisi, nikifika kochi limejaa, nafasi yangu kalala mbwa na hakuna wa kumwamsha. Nakaa kwenye zulia. Filamu yenyewe siielewi, Kiingereza chao nusu wanakimeza. Wakicheka, nacheka.

Kumbe kule kucheka ni ishu ya kisheria! Kanifungua macho dada mmoja Mfilipino, yaya wa nyumba ya jirani, tunakaa naye benchi moja watoto wakibembea. Huyo sheria anazo kichwani. Ananiambia kanuni za kima cha chini cha mshahara za 1999 zilikuwa na kipengele: mtumishi anayelala kwa bosi, akitendewa kama mmoja wa familia, kwa malazi, chakula, kugawana kazi na kustarehe pamoja, kima cha chini hakimhusu. Hakimhusu! Ukila nao mezani, umekwisha. Ukitazama nao filamu, umejimaliza mwenyewe. Miaka yote kwenye lile sufuria nilikuwa nakaanga mshahara.

Mwaka 2020 baraza la kazi likasema kipengele kile kinawaonea wanawake, maana watumishi wengi wa hivyo ni wao. Kikafutwa Aprili 1, 2024. Mimi na ndevu zangu nikabebwa kwenye mbeleko ya akina mama, na nikashikilia.

Ila usiwacheke Waingereza. Kwetu Tanzania, amri ya mishahara ya 2022 ilimpa dada wa kazi wa nyumba ya kawaida shilingi 120,000 kwa mwezi. Akilala kwa bosi? 60,000. Usingizi umekula nusu! Na kwetu Tanga dada tulimwita mwanetu. Mwanetu alikula wa mwisho, jikoni, kwenye sufuria.

Na kuna undugu usio na kicheko hata kidogo. Mwaka 2011 mahakama hapa London ilimtia hatiani mama mmoja wa Harrow, aliyemleta Mtanzania mwenzangu mwaka 2006 akamtumikisha kitumwa. Mwenzangu huyo alikuwa analala sakafuni, jikoni. Tangu niliposikia, boila langu nalisalimia kwa heshima.

Mimi afadhali, makaratasi yangu yako sawa. Yule yaya kaletwa na bosi wake, na viza ya watumishi wa ndani tangu 2012 ni miezi sita, haiongezwi. Mwanzoni walikatazwa hata kubadili bosi. Mwaka 2016 wakaruhusiwa, ila ndani ya miezi ileile sita. Sasa nani anaajiri yaya aliyebakiza wiki saba?

Basi nikajikaza kisabuni. Nikamfuata mama. "Samahani," nikasema, "nasikia kima cha chini sasa kinanihusu na mimi." Akaweka kikombe. Macho yakamjaa. "Lakini wewe ni wa familia!" Akalia kweli, mtu mzima. Nikajikuta nambembeleza, nikamchemshia chai, nikamletea biskuti, nikaosha kikombe. Sijui saa hiyo niiandike kama kazi.

Baba hakulia. Baba alifungua kompyuta. Kwanza kitanda: sheria inamruhusu kukihesabu kwa kiwango cha kila siku, na hakuacha hata senti, na boila likiwemo. Kisha saa zangu. Filamu ya Jumapili kaiweka upande wa mapumziko, kwenye zulia lilelile. Halafu simu ikalia: nimetolewa kwenye grupu la WhatsApp la familia. Nikaingizwa lingine, jipya, la wafanyakazi, tuko mimi na mtunza bustani. Mbwa kabaki kule, ndiye picha ya grupu.

Sawa. Nimekubali, mimi ni mwajiriwa. Ila nimeshamwandikia mama kwenye grupu letu jipya, kwa heshima zote, nikimuuliza Jumapili hii bisi anakaanga nani. Tiki zote mbili za bluu. Kimya.