Semina ya Ngedere

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na vibanja vyao vya migomba Kihanga, Karagwe, baraza lilimteua Ngedere kuwa Mwalimu Mkuu wa Mazingira. Anastahili, walisema, maana hakuna aliyekaa juu ya miti kumzidi.

Ngedere akawakusanya wanakijiji na wanafunzi chini ya mparachichi, akawafundisha uendelevu na mabadiliko ya tabianchi. Wanafunzi wakanakili mpaka vidole vikauma, na mtihani ulipofika darasa zima likafaulu. Jioni wakatumwa kilimani, kila mmoja arudi na mzigo wa kuni za kupikia maharage ya shule.

Kisha ukaja mnyauko wa migomba. Mkoa wa Kagera unaujua ugonjwa huu tangu mwaka 2006: majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa linatoa usaha. Kwa nyumba inayokula ndizi mchana na usiku, kibanja kikifa ni msiba.

Ngedere akaitisha semina ya vitendo. "Ua dume likatwe mapema," akasema, na hapo alisema kweli, maana wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Akachukua panga, akaanza kwa Mama Kanga, ambaye mgomba wake mmoja ulikwisha kunyauka. Akakata, akafuta panga kwa mkia, akavuka mpaka kwenda kwa Mzee Kobe. Akakata. Akaenda kwa Sungura, akakata. Alipomaliza kijiji kizima alipigiwa makofi, akasaini posho, akapanda mti wake kulala.

Hazikupita wiki nyingi, migomba ikaanza kunyauka kwa kufuata njia ileile aliyopita: kwa Kobe, kwa Sungura, hadi nyumba ya mwisho.

Baraza likaketi. "Wanakijiji hawasikii," Ngedere akalalamika. "Ongezeni fungu, nifanye semina ya pili."

Mtoto wa Nungunungu akasimama. "Shikamoo, Mwalimu. Sisi tulisikia. Lakini tulitazama pia, na panga lako halikuoshwa hata mara moja. Na kuni je? Asubuhi unatufundisha kutunza kilima, jioni unatutuma tukakinyoe."

Mzee Kobe akataka mtoto achapwe kwa utovu wa adabu. Bibi Fuko, ambaye hakuwahi kualikwa kwenye semina yoyote, akamzuia. "Mwacheni mjukuu wangu. Njooni kwangu kesho, wote."

Kesho yake hakuwapa daftari. Aliwapa kijiti chenye panda, kila mtoto akalishika ua dume kwa panda hiyo, akalizungusha mpaka likavunjika, chuma kisiguse mgomba. Panga likihitajika, akawaonyesha, lipitishwe kwanza motoni. Kisha akawapeleka nyuma ya nyumba, penye shimo la mboji: majani, maganda, jivu, vumbi la mkaa, na kinyesi cha chooni kilichopashwa moto. Udongo wa Karagwe, akawaambia, umepungukiwa fosforasi, na fosforasi hiyo tunaila kwenye chakula halafu tunaifukia chooni. Watoto wakacheka kusikia choo. Bibi hakucheka. Aliwachimbulia udongo mweusi wakaunusa, hauna harufu mbaya, wakauona umejaa nyungunyungu.

Hapa niiache hekaya kidogo, kwa sababu la Bibi Fuko limefanyika kweli. Miaka ya 2010, shirika la MAVUNO la Karagwe na watafiti kutoka Berlin walijaribu choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi. Kinyesi kilipashwa moto kuua vijidudu, kikachanganywa na vumbi la mkaa na masalia ya shamba, kikawa mboji. Ujuzi huo umejaribiwa nyumbani kwetu, na nadhani una haki ya kuingia darasani kabla ya neno uendelevu.

Wanyama wa Kihanga waliamua hivi: Ngedere abaki mwalimu, ila somo lake lisikaguliwe ubaoni. Likaguliwe jikoni kwa shule, chooni kwake na kwenye panga lake.

Nasi, kwa upande wa kuni, tuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mwalimu mkuu unayesoma haya, iwe Karagwe au Kyerwa: kabla hujapanga siku nyingine ya kupanda miti, ingia jikoni kwa shule yako, uhesabu mizigo ya kuni iliyobebwa leo na watoto.