Tume, Waacheni Mabosi Wetu Wafukuze

Kwa Mkurugenzi,
Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kuwatetea mabosi wa Bonde la Kilombero, kuanzia Kidatu, Ifakara hadi Mlimba, maana Tume yako inawaonea. Bosi akishanusa kwamba karani wa malipo ameingiza majina hewa kwenye orodha ya vibarua, ninyi bado mnadai ushahidi! Mnajificha nyuma ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayomtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kuwa sababu ya kumwachisha mtu kazi ni halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Kanuni za 2007 nazo zinataka uchunguzi, tuhuma anazozielewa mtuhumiwa, na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Saa 48! Bosi mwenye hasira anamaliza shauri kabla chai haijapoa.

Tuitazame hiyo orodha. Nyapara anaandika mahudhurio ya palizi, msimamizi wa shamba anasaini, mhasibu anaandaa hati ya malipo, karani anagawa fedha, kibarua anatia dole gumba. Jina hewa limepita mikono yote hiyo, lakini anayefukuzwa ni karani, kwa kuwa ndiye aliyeonekana na noti. Na kama malipo yalikwenda kwa simu, namba, saa na kiasi vimo kwenye taarifa ya miamala. Kuichapa na kumwekea mtu mezani si kazi ya wiki. Aliyeibiwa kweli ana ushahidi kabatini mwake. Asiyetaka kulifungua kabati anatufanya tujiulize anamficha nani. Samahani, nilikuwa nawatetea.

Wapo wanaosema mwizi akipewa saa 48 atachoma nyaraka. Kwa bahati mbaya kanuni zilezile zinaruhusu asimamishwe kwa mshahara kamili wakati uchunguzi ukiendelea. Wengine wanalia kwamba mwizi hulipwa fidia kwa sababu tu kikao cha kumsikiliza kilirukwa. Inauma kweli, ila bosi hakutakiwa kuthibitisha kama kwenye kesi ya jinai. Mizania ya uwezekano ingemtosha, naye hakuleta hata hiyo. Serikali yenyewe, pamoja na wanasheria wake, iliwaondoa kazini watumishi wa darasa la saba katika uhakiki wa vyeti, kisha 2018 ikaamuru walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004 warudishwe. Kuwasikiliza mapema kungegharimu kiasi gani?

Hata hivyo, mabosi wanaumia, na nina maombi. Siku 30 za kuleta mgogoro wa kuachishwa kazi ziwe 2, kwani aliyefukuzwa Mlimba bila mshahara anajulikana kwa wingi wa nauli ya kufika ofisini kwenu. Na fidia, mkilazimika kuitoza, ruhusuni ilipwe kupitia orodha ya vibarua: karani ameondoka, majina hewa bado yapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtetezi wa Mabosi,
Ifakara.