Barua ya Wazi kwa Bunge Kuhusu Furushi la Mirungi

Waheshimiwa Wabunge wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,

Kwanza pongezi. Sheria yenu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, pamoja na marekebisho ya 2017, imeipa mizani likizo. Kifungu cha 15A kimemwandikia miaka 30 jela anayesafirisha gramu chache za heroini. Anayesafirisha furushi la mirungi, vile vijiti vyekundu vinavyofungwa kwa majani ya mgomba na kutafunwa kwa karanga na bazoka, naye kimemwandikia miaka 30. Usawa wa namna hii hata kwenye bajeti hatujauona. Kijana wa miaka 25 akiitumikia yote atatoka na miaka 55, na meno ya kutafunia sidhani kama yatakuwepo.

Mtasema mirungi si mchicha. Kweli, si mchicha. Inafukuza usingizi, inakata hamu ya kula, na hela ya unga inaishia kijiweni. Kathinoni iliyomo ipo kwenye jedwali la kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Ila kilichoorodheshwa ni kemikali, si mmea, na kemikali yenyewe hufifia ndani ya siku mbili hivi tangu kijiti kukatwa; ndiyo sababu magari ya miraa, kama Wakenya wanavyoiita mirungi, kutoka Meru ya kwao hukimbia kama yanafukuzwa. Kwa hiyo kielelezo kinachakaa kabla jalada halijafika kwa mwanasheria wa serikali, mshtakiwa akaachiwa miongo mitatu ya kukikumbuka.

Mtauliza pia kama nataka tuwaige Wakenya, walioifanya miraa zao rasmi na mwaka 2023 wakaitungia kanuni zake, hata furushi la halali likivuka Namanga linageuka jinai. La, pigeni marufuku mpendavyo. Uingereza nayo ilipiga marufuku Juni 2014, tena baraza lake la ushauri likiwa limeshauri vinginevyo. Lakini ilizipanga dawa kwa uzito: heroini daraja A, ambako muuzaji anaweza kufungwa maisha, mirungi daraja C, kikomo miaka 14. Mwenye kukutwa na yake ya kutafuna kwa mara ya kwanza, kwa kawaida huonywa tu. Huko nako ni marufuku, waheshimiwa, na hakuna aliyewaita walegevu.

Hoja ya kwamba adhabu kali hukausha soko ingenishawishi kama milima ya Same ingekuwa imeisikia. Sheria ina miaka kumi na zaidi, na bado maofisa wanapanda huko kufyeka mirungi. Mkulima anashauriwa apande kahawa, inayochukua kama miaka mitatu kuzaa. Kwa mkopo gani, kifungu hakisemi.

Naomba mkutano ujao mkigawe kifungu cha 15A: heroini ibaki na miaka yake, mirungi ipewe kikomo chake chenyewe, na mkulima wa Same atengewe fungu la miche na la kumvusha hiyo miaka mitatu.

Wenu mtiifu,
Mlipa kodi