Noti Moja ya Besi

Kosa lilikuwa moja tu: noti ya besi, baa ya 37, imepigwa fa badala ya so. Wimbo wetu wa Pasaka ulikuwa umekaa kwenye kinanda wiki tatu, bila kukizima, hapa Nyakisasa, Ngara, na hakuna aliyeisikia noti hiyo. Katekista hakuisikia. Waimbaji wa sauti ya tena hawakuisikia, ila wao hawahesabiki, maana hata wakiitwa chai hawasikii. Mimi niliisikia, na noti mbovu ni kama jiwe kwenye wali: ukishaliuma, kila tonge linalofuata unalitafuna kwa woga.

Kinanda chenyewe ni Korg Triton, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1999. Chetu kilitufikia kikiwa mtu mzima mwenye makovu. Kilikuja kwa basi kutoka Mwanza kupitia Biharamulo, kimefungwa kwenye blanketi, na konda aliuliza mara mbili kama humo ndani hamna mgonjwa. Kina skrini ya kugusa. Siku za vumbi, na Ngara vumbi tunalo, unaigusa leo inaitika kesho.

Wengi kigangoni wanadhani kinanda kile kinarekodi sauti. Hapana. Sikwensa, ile sehemu ya kinanda inayotunza wimbo, inaandika amri tu: kidole kimeshuka hapa, kimebonyeza kwa nguvu ya 96 kati ya 127, kimeachia pale. Robo noti moja imekatwa vipande 192, kwa hiyo mashine inajua umechelewa kiasi gani kuliko hata mkeo anavyojua. Na kwa kuwa ni amri tupu, unaweza kuirekebisha noti moja bila kugusa nyingine. Maneno hayo niliyatangaza mwenyewe mbele ya kwaya jioni ya Jumamosi Kuu, nikiwa nimekunja mikono ya shati.

Sasa, humo ndani kuna amri mbili zinazofanana kama mapacha. Moja inafuta noti na kuiacha baa mahali pake, tupu. Nyingine inang'oa baa yenyewe, na zote zilizokuwa nyuma yake zinasogea mbele, kama foleni ya bombani mtu akiondoka na ndoo yake. Mimi nilimwita Kulwa akaja Doto. Besi peke yake ikasogea baa moja mbele. Tukaupiga wimbo: sauti zote bado ziko kaburini, zinaomboleza taratibu, besi imeshafika kwenye Aleluya.

“Mwalimu,” akasema katekista, “huyu mbona amefufuka Ijumaa?”

“Nimefuta baa kwa bahati mbaya, Katekista.”

Mama mmoja wa soprano akageuka haraka. “Baa ipi? Ile ya njia panda?” Sauti yake ilikuwa na matumaini. Nadhani mzee wake anakunywa pale.

Kwenye Triton kipo kitufe cha kukurudisha ulikotoka. Ukikibonyeza mara moja, kosa lako la mwisho linafutika. Ukikibonyeza tena, kosa linarudi. Kwa wasiwasi nilikuwa nakibonyeza kama kengele ya baiskeli, na nilipoacha sikujua niko upande gani wa kosa. Nikaamua kupandikiza. Nikachomeka baa tupu ya 37 kwenye besi. Baa ya 5 inafanana kila kitu na ile ya 37 inavyotakiwa kuwa, basi niinakili tu niiweke pale. Skrini inauliza: kutoka traki gani, yaani njia ya chombo gani, kwenda traki gani, kuanzia baa gani hadi baa gani. Maswali manne. Niliyajibu yote na mawili tu nikapata.

Tarumbeta zima likaangukia kwenye traki ya ngoma. Msomaji asiyeyajua mambo haya aelewe kwamba kwa utaratibu wa General MIDI wa mwaka 1991, chaneli ya 10 ni ya ngoma, na kila kifunguo humo ni chombo chake. Do ya kati ni bongo. So ya juu yake ni kengele. Do ya juu ni filimbi ndefu. Kwa hiyo tarumbeta la ufufuko, lililokuwa linapanda do, mi, so, do kwa utukufu, likawa trafiki anasimamisha lori la ndizi huku mbuzi anapita na kengele shingoni. Watoto waliokuwa dirishani walishangilia, wakaomba lirudiwe.

Ngoma za mwanzo zikawa zimefutika. Nikazipiga upya kwa vidole, na kwa kuwa vidole vyangu vilishachoka, nikaziambia zinyooke zenyewe. Kunyoosha huko wapigaji tunakuita kwantaizi: noti inavutwa hadi kwenye mstari ulio karibu nayo. Ila lazima uiambie mashine mistari ya aina gani. Wimbo wetu unakwenda kwa tatu-tatu, ule mwendo wa kuyumba bega. Mimi nikachagua mbili-mbili. Kina mama wa safu ya mbele, ambao miguu yao haijawahi kubishana na ngoma, wakajikuta wanapiga kwata kama mgambo. Mmoja alifika hadi ukutani.

Saa nne usiku, nawaapia, kila kitu kilikaa sawa. Tarumbeta limerudi kwake, ngoma zinayumba, baa ya 37 inasema so. Nikapitisha wimbo wote mara mbili nikiwa nimefumba macho. Kilichobaki ni kuuhifadhi kwenye flopi, kwa sababu Triton ukiizima haikumbuki wimbo hata mmoja. Flopi ina megabaiti 1.44, haitoshi hata picha moja ya simu, lakini wimbo mzima unaingia na nafasi inabaki, kwa kuwa ni amri tupu. Nikainama kuitafuta kwenye mkoba.

Nilipoinuka skrini ilikuwa nyeusi. Pembeni ya ekstensheni, kijana wa tena alikuwa anapapasa plagi kwa upole.

“Shikamoo, Mwalimu. Nimechomoa hiki kimoja tu. Simu ilibaki asilimia mbili.”

Pasaka tuliimba kwa ngoma ya kawaida na kayamba, na watu walisema haijawahi kupendeza vile. Mimi nilikuwa nahesabu baa. Ilipofika ya 37, wanaume wote saba wa besi wakaimba fa, kwa nguvu, kwa pamoja, bila shaka yoyote. Walijifunzia kwenye kinanda.

Flopi niliyokuwa naitafuta nimeipata, imeota ukungu. Mwenye flopi nzima, Ngara au Biharamulo, naomba aniletee. Nauli nitamrudishia.